Stefan Banach: Mtoto aliyeachwa na mama yake, aliyefundisha namna ya kurudisha ramani iliyopotea

KATIKA wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, mipaka ya Tanzania na nchi jirani za Rwanda na Burundi hupita katikati ya vilima, mabonde na mito. Msafiri atokaye Rusumo kwenda Ngara mjini, au Rulenge kwenda Kabanga, huona jinsi mwinuko wa ardhi unavyobadilika kidogo kidogo, na baridi ya asubuhi ikibadilika pamoja nao.

Tuchukulie kwamba ramani zote za wilaya hiyo zimepotea. Kilichosalia makabatini ni vipimo tu: mwinuko, joto, mvua, na kila kipimo kingine kinachoweza kubuniwa, mradi kisiruke ghafla baina ya mahali pamoja na pa jirani. Aidha, majina ya mahali yamefutwa katika kumbukumbu hizo.

Mambo yanayojulikana kuhusu vipimo hivyo ni mawili. La kwanza ni namna vinavyojumlishwa kimoja kwa kingine na kuzidishwa kwa namba. La pili ni ukubwa wa kila kimoja, yaani thamani yake ya juu kabisa bila kujali kama ni chanya au hasi. Swali ni iwapo mtu mwenye hayo mawili anaweza kuichora upya ramani ya Ngara.

Jibu la swali la aina hiyo lilichapishwa mwaka 1932 katika kitabu cha Kifaransa kilichoandikwa na mwanahisabati wa Poland, Stefan Banach. Jibu lenyewe ni ndiyo. Maisha ya mtu aliyelitoa yalikuwa ya kupoteza mengi: mama, mji, marafiki, na mwishowe uhai wake katika umri wa miaka 53.

Banach alizaliwa Machi 30, 1892 katika mji wa Kraków. Wakati huo Poland haikuwamo katika ramani ya dunia, kwa kuwa ilikuwa imegawanywa na majirani zake watatu tangu mwaka 1795, na Kraków ilikuwa chini ya dola ya Austria-Hungaria.

Baba yake, Stefan Greczek, alikuwa askari mwenye asili ya vijiji vya milimani kusini mwa Kraków. Mtoto alipewa jina la kwanza la baba na jina la ukoo la mama, Katarzyna Banach. Baada ya ubatizo, mtoto akiwa na umri wa siku chache tu, mama huyo aliondoka katika maisha yake. Alipokuwa mtu mzima Banach alimwuliza baba yake habari za mama, lakini mzee alikataa kueleza, kwa maelezo kwamba alikuwa amefungwa na ahadi ya kutunza siri.

Alilelewa mjini Kraków na Franciszka Płowa, mama aliyekuwa na biashara ya udobi, pamoja na binti wa ndugu yake, Maria. Mlezi wa Maria, Mfaransa aitwaye Juliusz Mien, ndiye aliyemfundisha Banach lugha ya Kifaransa angali mdogo. Lugha hiyo ndiyo aliyokuja kuitumia baadaye kuandikia kazi zake kubwa.

Alisoma sekondari katika mji huo huo hadi mwaka 1910. Alipenda hisabati kuliko kitu chochote, lakini alidhani kwamba katika somo hilo mambo mapya ya kuvumbua yamekwisha. Kwa sababu hiyo alikwenda Lwów, mji wa mashariki, kusomea uhandisi katika chuo cha ufundi, huku akijikimu kwa kuwafundisha wanafunzi wengine.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipolipuka mwaka 1914, masomo yalikatika kabla hajapata shahada. Hakuchukuliwa jeshini kwa sababu jicho lake la kushoto lilikuwa na uoni hafifu. Alifanya kazi ya usimamizi katika ujenzi wa barabara, kisha akarudi Kraków, ambako aliendelea kufundisha na kusoma hisabati peke yake.

Ndipo lilipotokea tukio lililobadili maisha yake. Mwaka 1916 mwanahisabati Hugo Steinhaus alikuwa akitembea jioni katika bustani ya Planty, inayouzunguka mji wa kale wa Kraków. Alipita karibu na vijana wawili na kuwasikia wakizungumzia hesabu za Lebesgue, somo ambalo wakati huo lilikuwa jipya na lililojulikana kwa wataalamu wachache. Alisimama, akajitambulisha. Mmoja wa vijana hao alikuwa Otto Nikodym, na wa pili alikuwa Banach.

Steinhaus aliwaeleza tatizo lililokuwa limemsumbua kwa muda. Baada ya siku chache Banach alimletea jibu. Wawili hao waliandika makala ya pamoja, ambayo vita viliichelewesha hadi mwaka 1918. Steinhaus aliishi miaka mingi baada ya hapo na kuvumbua mengi, lakini hadi uzeeni alimhesabu Banach kuwa uvumbuzi wake mkubwa kuliko wote.

Poland ilirejea katika ramani mwaka 1918. Mwaka 1920 Profesa Antoni Łomnicki alimwajiri Banach kama msaidizi katika chuo cha ufundi cha Lwów. Mwaka huo huo alimwoa Łucja Braus, na Chuo Kikuu cha Jan Kazimierz kilimpa shahada ya udaktari ingawa hakuwa na shahada ya kwanza.

Tasnifu yake, iliyochapishwa mwaka 1922, ilianzisha tawi zima la hisabati. Kabla yake, wanahisabati walizichunguza fanksheni moja moja. Banach alizikusanya fanksheni nyingi pamoja na kuzitazama kama nukta za mahali pamoja pakubwa, ambapo umbali kati ya moja na nyingine unaweza kupimwa. Mahali pa namna hiyo leo huitwa nafasi za Banach.

Ndani ya tasnifu hiyo imo pia kanuni ambayo mtu yeyote aweza kuielewa. Ramani ya wilaya ya Ngara ikitandazwa chini popote ndani ya wilaya hiyo, hata ikiwa imepinda upande, kuna nukta moja, na ni moja tu, ya ramani inayolala juu kabisa ya mahali inapopawakilisha. Wahandisi na wachumi huitumia kanuni hiyo kuthibitisha kwamba milinganyo yao ina jibu, na kwamba jibu hilo ni la pekee.

Mwaka huo wa 1922 alipewa cheo cha profesa, akiwa na umri wa miaka 30. Mwaka 1929 yeye na Steinhaus walianzisha jarida la Studia Mathematica, ambalo bado linachapishwa. Aliandika pia vitabu vya shule pamoja na wenzake Wacław Sierpiński na Włodzimierz Stożek, kwa kuwa mshahara wa profesa haukutosheleza matumizi yake.

Kazi kubwa ilifanyika mkahawani. Mkahawa wa Kiskoti, uliokuwa karibu na chuo kikuu, ulikuwa na meza za marumaru, na Banach na wenzake, hasa Stanisław Mazur na kijana Stanisław Ulam, walikaa hapo kwa saa nyingi wakiandika hesabu juu ya meza kwa penseli. Usiku ulipofika mhudumu alifuta meza, na hoja zilizochukua siku nzima zikapotea.

Mkewe, Łucja, ndiye aliyenunua daftari nene ili matatizo hayo yahifadhiwe. Daftari lilitunzwa mkahawani, na swali la kwanza liliandikwa na Banach Julai 17, 1935. Hadi mwaka 1941 yalikuwa yameandikwa maswali 193. Baadhi yaliwekewa zawadi: mwaka 1936 Mazur aliahidi bata bukini hai kwa atakayetatua swali lake moja. Bukini huyo alitolewa mwaka 1972 jijini Warszawa, kwa Msweden Per Enflo.

Tukirudi kwenye ramani ya Ngara, hoja ya kitabu cha mwaka 1932 inaweza kuelezwa bila alama za kihisabati.

Chukua kipimo ambacho thamani yake ya juu kabisa inafikiwa mahali pamoja tu, kama kilima chenye kilele kimoja. Kiongezee kiasi kidogo mno cha kipimo kingine chochote. Ukubwa wa jumla utabadilika, na badiliko hilo litalingana na thamani ya kile kipimo cha pili mahali pale pale penye kilele. Kwa maneno mengine, kwa kujumlisha na kupima ukubwa tu, tumesoma thamani ya kipimo cha pili katika nukta moja ya wilaya, ingawa jina la nukta hiyo hatulijui.

Kila mahali pana vilima vya namna hiyo, hivyo kila mahali hujitokeza penyewe ndani ya kumbukumbu zisizo na majina. Na kwa kuwa vipimo haviruki ghafla, mahali pawili penye ujirani hutambulikana kwa sababu vipimo vyote husoma thamani zinazokaribiana katika mahali hapo pawili. Banach alithibitisha hivi: ikiwa maeneo mawili, yaliyofungwa na kuhesabiwa pamoja na mipaka yao, yana mikusanyo ya vipimo inayolingana katika kujumlisha na katika ukubwa, basi maeneo hayo yana umbo moja.

Neno umbo hapa lina maana maalumu, ile ya tawi la hisabati liitwalo topolojia. Kilomita na mielekeo haitarudi. Kitakachorudi ni ujirani: nani yuko karibu na nani, wapi eneo limeungana na wapi limetengana, kama lina tundu katikati au halina.

Mwaka 1937 Mmarekani Marshall Stone alipanua kanuni hiyo ikahusu maeneo ya aina nyingi zaidi, na ndiyo maana leo inaitwa kanuni ya Banach na Stone. Mwaka 1939 Israel Gelfand na Andrei Kolmogorov wa Umoja wa Kisovieti walitoa njia nyingine, ya aljebra tupu. Walionyesha kwamba ukubwa si lazima ujulikane, iwapo tunajua namna ya kujumlisha vipimo na kuzidisha kimoja kwa kingine.

Katika njia hiyo, kila mahali hutambuliwa kwa kundi la vipimo vinavyosoma sifuri hapo. Vipimo viwili vya kundi hilo vikijumlishwa, jibu ni sifuri pale pale. Kimoja kikizidishwa kwa kipimo chochote cha nje, jibu bado ni sifuri. Makundi makubwa kabisa ya tabia hiyo, bila kufikia mkusanyo mzima, ndiyo nukta za eneo lenyewe.

Hata hivyo, kanuni ya Banach ina sharti, na sharti hilo ni zito. Ukubwa wa vipimo lazima uhifadhiwe sawasawa. Banach mwenyewe aliuliza katika kitabu chake nini kitatokea ukubwa ukiruhusiwa kupotoka kwa kiwango fulani. Je, mkusanyo wa vipimo vya barabara iliyonyooka ungeweza kufananishwa na ule wa shamba la mraba?

Jibu lilichapishwa mwaka 1966 na Mrusi Milyutin, na liliwashangaza wengi: ndiyo, mikusanyo hiyo miwili yaweza kulinganishwa, na barabara haitofautiki tena na shamba. Wakati huo huo, mwaka 1965 na 1966, Amir na Cambern walionyesha, kila mmoja kwa upande wake, kwamba upotoshaji ukibaki chini ya mara mbili, umbo bado hurudi salama. Kumbukumbu yenye kasoro ndogo huokoa ramani, na yenye kasoro kubwa huipoteza kabisa.

Wakati majibu hayo yanatolewa, Banach alikuwa amekwisha kufariki na mji wake ulikuwa umebadilika kupita kiasi.

Septemba 1939 Lwów ilichukuliwa na jeshi la Kisovieti. Banach, ambaye mwaka huo alikuwa amechaguliwa rais wa Chama cha Hisabati cha Poland, aliendelea kufundisha na kuwa mkuu wa kitivo. Lakini familia nyingi za Kipoland za mikoa hiyo ya mashariki zilikamatwa mwaka 1940 na 1941 na kupelekwa Siberia na Kazakhstan.

Hapa ndipo historia ya watu wa Banach inapogusa ardhi ya Tanzania. Baada ya mapatano ya mwaka 1941, sehemu ya waliohamishwa waliruhusiwa kutoka. Walipitia Iran, na maelfu yao, wengi wakiwa wanawake na watoto, wakaletwa Afrika Mashariki. Kambi kubwa zaidi katika Tanganyika ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, iliyopokea watu wapatao 5,000. Nyingine zilikuwa Ifunda, Kidugala, Kondoa na Morogoro, na nchini Uganda zilikuwapo Masindi na Koja. Makaburi ya Wapoland yangalipo Tengeru hadi leo.

Waliobaki Lwów hawakupata nafuu. Jeshi la Ujerumani liliingia mjini Juni 30, 1941, na siku chache baadaye maprofesa kadhaa wa mji huo walipigwa risasi. Miongoni mwao walikuwa Łomnicki, aliyempa Banach ajira ya kwanza, na Stożek, aliyeandika naye vitabu vya shule. Baadaye mwezi huo aliuawa pia Kazimierz Bartel, mwanahisabati aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Poland. Juliusz Schauder, Myahudi na mmoja wa wanahisabati hodari wa Lwów, aliuawa mwaka 1943. Steinhaus, naye Myahudi, alinusurika kwa kujificha kwa jina la bandia.

Banach aliponea katika taasisi ya Profesa Rudolf Weigl, iliyotengeneza chanjo ya homa kali inayoenezwa na chawa. Chanjo hiyo ilihitaji chawa wengi, na chawa walihitaji damu ya binadamu. Kazi ya mwanahisabati huyo ilikuwa kufungiwa mwilini visanduku vidogo vyenye chawa ili wamnyonye. Malipo yake yalikuwa chakula kidogo cha ziada na kitambulisho ambacho polisi wa Kijerumani walisita kukigusa. Alifanya kazi hiyo hadi mwaka 1944, Wajerumani walipofukuzwa.

Vita vilipokwisha alikuwa akijiandaa kurudi Kraków, alikozaliwa, kushika nafasi ya uprofesa. Hakuwahi kuondoka. Saratani ya mapafu ilimuua Agosti 31, 1945 mjini Lwów, akazikwa katika makaburi ya Lychakiv.

Mpaka ulikuwa umehamishwa. Lwów ikawa sehemu ya Ukraine ya Kisovieti, na leo ni mji wa Lviv nchini Ukraine. Wapoland wengi wa mji huo walihamia magharibi, na walimu wa chuo kikuu wakaanza upya katika mji wa Wrocław. Łucja alikwenda huko akiwa na lile daftari la mkahawani. Mwaka 1956 Steinhaus alituma nakala kwa Ulam nchini Marekani, ambaye aliitafsiri kwa Kiingereza na kuisambaza. Mtoto wao wa pekee, Stefan, alikuwa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo.

Wakazi wa Ngara wanajua kwa macho yao maana ya watu kuondoka na ramani kubaki. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa takriban saa 24. Katika kambi ya Benaco wakimbizi walipangwa kwa kufuata wilaya walizotoka, kiasi kwamba ujirani wa Rwanda ulijitokeza upya juu ya ardhi ya Tanzania, bila vilima vyake wala mashamba yake. Ujirani huo ulirudi pamoja na uzito wake wote, kwa kuwa miongoni mwa viongozi waliorejesha mamlaka yao kambini walikuwamo waliohusika na mauaji ya kimbari. Wengi wa wakimbizi hao walirejeshwa kwao Desemba 1996.

Hisabati ya Banach haikuandikwa kwa ajili ya wakimbizi, na haitoi jibu la matatizo yao. Lakini swali lililo ndani yake wanalifahamu watu wa Lwów, wa Tengeru na wa Benaco: mahali pakishapotea, ni kumbukumbu gani zinazotosha kupatambua tena, na zinapaswa kuwa sahihi kwa kiasi gani?

Kwa wanafunzi wa leo, urithi wake uko katika mambo mengi. Wanafizikia hutumia nafasi za Banach kila siku. Tangu miaka ya 1980 Mfaransa Alain Connes na wafuasi wake wameigeuza hoja ya zamani: wanaanza na aljebra ambayo haikutokana na mahali popote, kisha wanauliza ni mahali gani pangeweza kuizaa.

Mwaka 2016 katika bustani ya Planty, Kraków, liliwekwa benchi lenye sanamu za Banach na Nikodym wakizungumza, kukumbuka jioni ile ya mwaka 1916. Kijana aliyekuwa ameketi hapo hakuwa na shahada, hakuwa na kazi ya kudumu, na mama yake hakumjua. Alichokuwa nacho ni mazungumzo ya hesabu na rafiki, na bahati ya kupitiwa na mtu aliyeyaelewa akasimama.